Dalili ya mvua ni mawingu: jinsi hesabu za uwezekano zinavyosoma foleni za barabarani

Ukimpigia simu mwenzako aliyeko njiani na kumwuliza atafika saa ngapi, mara nyingi atakujibu: "Nakaribia, dakika kumi tu." Wewe unajua kwamba huenda zikawa ishirini, naye anajua kwamba unajua. Siku ya kawaida jibu hilo halimdhuru mtu. Unasubiri, unanung'unika kidogo, kisha mnasalimiana na maisha yanaendelea.

Zipo lakini safari ambazo dakika kumi za ziada hazisameheki. Mama mjamzito anakimbizwa hospitali usiku. Mwanafunzi anawahi mtihani wa taifa. Paroko ameitwa kumpaka mafuta matakatifu mgonjwa aliye katika saa zake za mwisho. Katika safari kama hizo, kujua kwamba "kwa kawaida ni nusu saa" hakutoshi. Tunahitaji kujua kuna hatari kiasi gani kwamba leo, kwa njia hii, itakuwa saa nzima.

Katika makala hii tunaeleza namna watafiti wanavyojaribu kujibu swali hilo kwa kutumia hesabu za uwezekano. Tutamfuata hasa mtafiti mmoja wa Marekani, Eric Horvitz, ambaye kazi yake juu ya foleni za mji wa Seattle inajulikana sana katika fani hii. Tumeona inafaa kwa wanaseminari na kwa waamini wa parokiani, kwa sababu ndani ya hesabu hizo kuna maswali tunayokutana nayo pia darasani na maishani: tunajua nini kwa hakika, tunakisia nini, na mtu anabaki huru kiasi gani pale mashine inapoweza kubashiri aendako.

Kutoka wodini hadi barabarani

Horvitz hakuanzia barabarani. Alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, akapata shahada ya uzamivu na pia shahada ya udaktari wa binadamu. Utafiti wake wa mwanzo ulihusu namna ya kuamua pale ambapo habari ni chache na muda ni mfupi. Hiyo ndiyo hali ya daktari wa zamu. Mgonjwa analetwa akiwa na homa na maumivu ya kifua. Majibu ya vipimo yatatoka baada ya saa mbili. Uamuzi unatakiwa sasa. Daktari mzuri hasubiri uhakika ambao hatauona, wala haamui kwa kubahatisha. Anaanza na magonjwa yanayotokea mara nyingi zaidi, anaangalia dalili, anarekebisha mawazo yake kila dalili mpya inapojitokeza, na anapima hasara: nikikosea upande huu itakuwaje, na nikikosea upande ule itakuwaje?

Mwaka 1993 Horvitz alijiunga na kitengo cha utafiti cha kampuni ya Microsoft, karibu na Seattle. Miaka kumi hivi baadaye, yeye na wenzake walianza kuitumia namna hiyo ya kufikiri kwa barabara za mji huo. Seattle umebanwa na maji pande mbili: upande wa magharibi kuna ghuba ya bahari, upande wa mashariki kuna Ziwa Washington. Wafanyakazi wengi huvuka ziwa hilo asubuhi na jioni kwa madaraja mawili yanayoelea juu ya maji. Daraja moja likiziba, la pili huelemewa, na anayekataa yote mawili hana budi kulizunguka ziwa. Mji wa namna hiyo ni kama mwili wenye mishipa michache mikubwa: ukijua hali ya sehemu chache zinazobana, umejua mengi juu ya mwili wote.

Wastani unavyotuponza

Kabla hatujaingia katika mfumo wenyewe, tuone kwanza kwa nini wastani peke yake unaweza kutuponza. Tuchukue mfano wa kubuni. Una njia mbili za kwenda mjini. Njia ya kwanza huchukua dakika 30 karibu kila siku. Ikizidi ni 32, ikipungua ni 28. Njia ya pili huchukua dakika 20 katika siku nne kati ya tano, lakini siku ya tano hukwama na kuchukua dakika 60.

Tukitafuta wastani wa njia ya pili, siku nne za dakika 20 ni dakika 80. Tukiongeza 60 tunapata 140. Tukigawanya kwa tano tunapata 28. Kwa wastani, basi, njia ya pili ni fupi kuliko ya kwanza. Ramani inayoonyesha namba moja tu ingekuelekeza huko. Kwa mtu anayekwenda kununua unga, ushauri huo ni mzuri. Kwa mtu mwenye mtihani utakaoanza baada ya dakika 40, ni ushauri mbaya: katika kila siku tano, siku moja atakuta mlango umefungwa. Njia ya kwanza, yenye wastani mkubwa zaidi, haimwangushi hata mara moja.

Kwa hiyo tunachohitaji kukijua ni mtawanyiko wote wa yanayoweza kutokea, pamoja na uzito wa kila moja. Hiyo ndiyo kazi ya modeli ya uwezekano. Badala ya kusema "utafika baada ya dakika 28," inasema: "yaelekea sana utafika baada ya dakika 20, lakini kuna nafasi moja kati ya tano kwamba itakuwa saa nzima." Jibu hilo halivutii masikioni, ila linamwachia msafiri nafasi ya kuamua kulingana na safari aliyo nayo.

Mchungaji Bayes na mawingu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema mawingu ni mvua. Mara ngapi wingu limetanda na kupita? Hata hivyo, mkulima aonapo wingu jeusi huanua mahindi yake, kwa sababu wingu limebadilisha kiasi cha matarajio yake. Asubuhi alifikiri mvua haielekei. Sasa anafikiri yaelekea.

Namna ya kuyapima mabadiliko hayo kwa hesabu inahusishwa na Mwingereza Thomas Bayes, aliyekuwa mchungaji wa Kipresbiteri katika mji wa Tunbridge Wells. Alifariki mwaka 1761. Mwenzake katika uchungaji, Richard Price, alizikuta karatasi zake na kuzipeleka katika Jumuiya ya Kifalme ya London, na andiko likatoka mwaka 1763. Bila shaka hakuna kati yao aliyewazia magari.

Tuchukue tena mfano wa kubuni, safari hii kwa namba za siku. Tuseme tumeangalia makutano fulani ya barabara kwa jioni 100 za siku za kazi. Katika jioni 20 barabara ilifunga. Katika jioni 80 ilipitika vizuri. Ukiniuliza asubuhi, kabla sijaangalia angani, nitakujibu uwezekano wa foleni jioni ni 20 kwa 100. Sasa tukague mvua. Kati ya zile jioni 20 za foleni, mvua ilinyesha katika jioni 15. Kati ya zile 80 zilizopitika, mvua ilinyesha katika jioni 10 tu. Jioni za mvua kwa jumla ni 25, na 15 kati yake zilikuwa za foleni. Kwa hiyo, mara tu mvua inapoanza, matarajio yangu yanapanda kutoka 20 kwa 100 hadi 60 kwa 100.

Tuone mambo mawili hapo. La kwanza, dalili haikuniambia yatakayotokea. Bado kuna jioni 10 za mvua zilizopitika vizuri. La pili, sikuitupa kumbukumbu ya zamani nilipopata habari mpya. Niliviunganisha viwili hivyo. Mwenye kumbukumbu peke yake hushindwa kuiona siku ya leo, na mwenye habari ya leo peke yake hushtushwa na kila wingu.

Mfumo wa Seattle

Horvitz na wenzake waliuita mfumo wao JamBayes, jina lililounganisha neno la Kiingereza la foleni na jina la yule mchungaji. Taarifa kamili waliichapisha mwaka 2005. Mfumo ulikusanya habari kutoka vihisi vilivyofukiwa katika barabara kuu vikipima mwendo na wingi wa magari. Uliongeza taarifa za ajali, hali ya hewa, saa na siku ya juma, kalenda ya sikukuu na likizo za shule, na hata ratiba za mechi kubwa, kwa maana mechi ikiisha uwanja mzima huingia barabarani kwa mara moja.

Habari zote hizo ziliunganishwa katika kile kinachoitwa mtandao wa Bayes. Tuufikirie kama ukoo wa sababu na matokeo: mvua ina athari juu ya ajali, ajali ina athari juu ya mwendo, mwendo wa hapa una athari juu ya mwendo wa kule baada ya robo saa. Kila mshale kati ya jambo na jambo una namba inayoonyesha nguvu yake, na namba hizo kompyuta huzijifunza kutokana na kumbukumbu za miezi mingi. Ukishaujenga, unaweza kuuliza: sehemu hii inayopitika sasa, itabaki wazi kwa muda gani kabla haijaziba? Na ile iliyoziba, itafunguka baada ya muda gani?

Jambo moja katika mfumo huo linastahili kuangaliwa kwa karibu. Watafiti hawakuufundisha kubashiri peke yake. Waliufundisha pia kujua ni katika mazingira gani ubashiri wake huwa haufai. Waliangalia mara zote ulipokosea, wakatafuta makosa hayo yalikuwa na dalili gani za pamoja, na dalili hizo zilipoonekana tena mfumo ulimwonya mtumiaji kwamba safari hii asiutegemee sana. Sisi tunaosoma falsafa tunamkumbuka Sokrate, aliyehesabu kuwa ni hekima kujua kwamba hujui. Hapa kutokujua kumepewa namba na kuwekwa mbele ya dereva.

Kengele inayolia kwa wakati wake

Baada ya kuutumia mfumo, watafiti waliliona tatizo jingine. Mkazi wa mji hana haja ya kuambiwa kwamba Ijumaa jioni darajani kuna foleni. Anajua. Ukimletea ujumbe kila siku juu ya jambo analolijua, ataacha kuusoma, na siku yenye habari kubwa ujumbe utampita. Sote tunaoishi seminarini tunafahamu: kengele ingelia kila baada ya dakika tano, asubuhi hakuna ambaye angeinuka.

Horvitz akauliza swali jipya: je, kompyuta inaweza kubashiri yatakayomshangaza mtu? Ili kufanya hivyo, kwanza walijenga modeli ya matarajio ya mkazi wa kawaida: saa hii, siku hii, mahali hapa, yeye angetegemea nini? Kisha walipitia kumbukumbu na kutoa matukio yote ambayo hali halisi ilikuwa mbali sana na matarajio hayo: foleni pasipotegemewa, au njia nyeupe saa ambayo kila mtu angeapa imefungwa. Mwisho wakatazama nusu saa kabla ya kila tukio: dalili gani zilikuwapo?

Matokeo yalielezwa kwa uwazi. Walipoupanga mfumo usizidishe kengele za bure zaidi ya asilimia 5, ulifaulu kutambua mapema takribani nusu ya mambo ya kushangaza katika barabara za Seattle. Nusu nyingine iliupita. Kuna atakayesema nusu ni kidogo. Tukumbuke lakini kwamba haya ni yale ambayo wenyeji wazoefu yangewapata bila kujua hata moja. Na tukumbuke pia kwamba nusu hiyo ina bei yake: ukitaka kunasa zaidi, lazima ukubali kengele nyingi zaidi za bure, ukitaka kengele za bure zipungue, utakosa mengi zaidi. Hakuna hesabu inayoweza kukuchagulia bei hiyo. Anayeongoza magari ya wagonjwa ataona afadhali aamshwe bure mara kumi kuliko kulala mara moja. Anayekwenda kazini kila siku ataona kinyume. Mashine inapanga mezani, na binadamu anachagua.

Barabara za pembeni

Mwaka 2008 utafiti huo ulitoka maabara na kuingia katika ramani za intaneti za Microsoft kwa jina la ClearFlow, ukihudumia miji 72 ya Marekani. Lengo lake lilikuwa kurekebisha kosa moja la mifumo ya awali. Mifumo hiyo ilikuwa na habari za barabara kuu tu. Barabara kuu ilipoziba, ilimtuma dereva katika mitaa ya pembeni ikidhani huko magari yanakwenda kwa mwendo wa kawaida. Dereva alipofika alikuta wenzake mia wamekwisha kushauriwa vivyo hivyo. ClearFlow ilijifunza uhusiano uliopo: barabara kuu ikifunga, mtaa huu wa jirani huathirika kiasi hiki, na ule kiasi kile. Mitaa hiyo haikuwa na vihisi, kwa hiyo watafiti waliwaomba watu wa kujitolea wabebe vifaa vya GPS ndani ya magari yao kwa miaka kadhaa ili mwendo wa kila kipande ujulikane.

Hapa tunapaswa kuongeza la kwetu. Hata ushauri wenye hesabu sahihi unaweza kumwumiza mtu ambaye hayumo katika hesabu. Gari likipitishwa katika mtaa mtulivu, dereva anaokoa dakika tano. Watoto wanaocheza pale, wazee wanaovuka kwenda dukani, hao hawakuulizwa. Modeli hupunguza kile ilichoagizwa kupunguza. Ikiagizwa muda wa madereva, itapunguza muda wa madereva. Anayetembea kwa miguu ataonekana siku mtu atakapoamua kwamba naye ahesabiwe.

Kubashiriwa na kuwa huru

Mwaka 2006 Horvitz na mwenzake John Krumm walichapisha utafiti wenye jina litakalowachekesha wanateolojia: Predestination, neno lile lile la fundisho la kuteuliwa tangu awali. Waliiuliza kompyuta: gari likiwa limeanza safari, unaweza kukisia linakoelekea? Walitumia safari 7,335 za watu 169. Wazo kuu ni rahisi. Watu hupenda njia ya karibu. Kwa hiyo kila mahali ambapo gari linazidi kupaacha, uwezekano kwamba ndiko liendako unapungua. Na kila mahali linapopakaribia, unaongezeka. Ukiunganisha hilo na mahali mtu alipozoea kwenda, ramani inaanza kung'aa upande mmoja. Gari lilipofika nusu ya safari, kisio la kompyuta lilikuwa mbali na mwisho wa kweli kwa kilomita 2 hivi, kwa kosa la katikati.

Je, basi, mtu si huru? Swali hili lina historia katika hesabu zenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Urusi, Pavel Nekrasov, mwanahisabati wa Moscow aliyepitia seminari ya Kiorthodoksi kabla ya chuo kikuu, aliona kwamba idadi ya mambo kama ndoa katika nchi hubadilika kidogo sana mwaka hadi mwaka. Aliamini utulivu huo wa namba hupatikana tu ikiwa kila tukio linasimama peke yake bila kutegemea jingine. Akahitimisha: takwimu ni ushahidi wa hiari ya binadamu. Andrei Markov wa Saint Petersburg hakukubali. Mwaka 1906 alionyesha kwamba utulivu uleule unaweza kutokea hata katika matukio yaliyofungamana kama mnyororo, kila moja likitegemea lililotangulia. Minyororo ya Markov ndiyo leo huisaidia simu kujua uko barabara gani, hata kipimo cha setilaiti kinapoyumba mita kadhaa: kama sekunde chache zilizopita ulikuwa barabara hii, si rahisi sasa uwe ile ya ng'ambo ya mto.

Markov alikuwa sahihi, na tunaweza kukubali bila hofu. Hoja ya Nekrasov ilikuwa na nia njema lakini ilisimama juu ya hesabu yenye kosa. Namba zilizotulia hazithibitishi hiari, wala haziikanushi. Kujua kwamba watu saba kati ya kumi hukata kulia katika makutano fulani hakumsukumi yeyote kukata kulia. Rafiki anayekufahamu vizuri anaweza kukisia utakachoagiza mezani. Hajakunyang'anya uhuru wako kwa kukufahamu.

Katika utafiti wa Krumm na Horvitz kuna jambo dogo lililotupendeza. Modeli yao haikumfungia mtu katika mahali alipokwisha kwenda. Ilitenga sehemu ya uwezekano kwa ajili ya mahali ambapo hajawahi kufika kamwe. Walilazimika kufanya hivyo kwa sababu ya usahihi tu, maana watu kweli huenda mahali papya.

Hatari iliyopo iko mahali pengine, nayo ni kubwa. Ajuaye unakokwenda anajua unakotibiwa, unakosali, na unayemtembelea. Wale 169 walikubali kubeba vifaa wakijua kwa ajili ya nini. Sisi tunaobeba simu, wengi wetu hatukumbuki tulikubali nini.

Tetemeko la Ziwa Kivu

Tumalizie kwa tukio la ukanda wetu. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilitikisa eneo la Ziwa Kivu, upande wa Bukavu nchini Kongo na upande wa Rwanda. Nchini Rwanda, kanisa liliwaangukia waamini waliokuwa ndani.

Miaka miwili baadaye Ashish Kapoor, Nathan Eagle na Horvitz walichapisha utafiti juu ya siku ile. Walichukua idadi ya simu zilizopita katika minara ya Rwanda, bila mazungumzo yenyewe. Kila mnara una kawaida yake kwa kila saa, kama barabara ilivyo na kawaida yake. Ardhi ilipotikisika, watu walishika simu kuwaulizia ndugu zao, na minara ya karibu ikaondoka mbali na kawaida kuliko ya mbali. Kwa kupima mshangao wa kila mnara, modeli iliweza kukisia kitovu cha tetemeko, na pia maeneo ambayo maisha yalichelewa kurudi katika hali yake, ambako huenda msaada ulihitajika zaidi. Kisha ikaenda hatua moja mbele: ikaonyesha ni wapi wakaguzi wangetumwa kwanza ili kutokujua kupungue haraka zaidi.

Utafiti huo ulifanywa baada ya tukio. Haukumwokoa mtu siku ile. Lakini unaonyesha kwamba hesabu iliyozaliwa kwa ajili ya foleni za mji tajiri ilifaa pia kwa swali la barabara ipi gari la msaada lifuate kwanza.

Ili ifae huku kwetu, kuna kazi ya msingi ya kufanya. Modeli haiwezi kusoma kisichoandikwa. Mjini Nairobi, hadi mwaka 2012 usafiri wa matatu haukuwa na ramani ya wazi ya mtandao wake wote. Wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi njia zaidi ya 130 na vituo vyake. Ramani ilitoka mwaka 2014, bure kwa kila mtu. Hapo hapakuwa na hesabu ngumu. Palikuwa na watu waliokaa kwenye viti na kuandika.

Tukirudi sasa kwa yule mwenzetu wa "dakika kumi tu," tunaweza kumwomba kitu kidogo zaidi. Tumwulize: kwa hali unayoiona hapo ulipo, ukipita mara kumi, ni mara ngapi utafika kabla ya saa nne? Akisema mara tisa, tusubiri. Akisema mara tano, na mgonjwa anasubiri, tutume pikipiki sasa hivi.